Fiti ya Mbele

Katika yadi ya magari iliyoko Iftin, mjini Garissa, kila mtu huapa. Muuza tairi huapa kwamba tairi lake halijawahi kuzibwa. Mchomeleaji huapa kwamba bomba alilolichomelea litadumu kuliko gari lenyewe. Anayechelewa kazini huapa kwenye simu kwamba yuko njiani, na huku anaapa bado hajavaa viatu. "Wallahi" imekuwa kama kikohozi. Humtoka mtu bila yeye mwenyewe kujisikia. Tumelifanya jina la Mungu gundi ya kubandikia maneno yasiyoshika.

Abdiwali, fundi wa umeme wa magari, hakuwa hivyo. Ukimuuliza kama dinamo inachaji, alichukua taa yake ya kupimia, balbu ndogo iliyofungwa waya mbili, akagusa hapa, akagusa pale, kisha akasema, "Nimeona." Balbu isipowaka alisema, "Sijaona bado." Hayo ndiyo yalikuwa majibu yake. Wapo wateja waliomchukia kwa ajili hiyo, kwa sababu mteja wa siku hizi hutaka kutulizwa kuliko kuambiwa.

Tabia hiyo alitoka nayo Lafey, alikozaliwa na alikochunga ngamia wa baba yake mpaka ukame ulipowamaliza. Kule wachungaji wawili wakikutana huulizana habari, na mwenye kutoa habari ni lazima atenganishe alichokiona kwa macho yake na alichokisikia kwa watu. Ukisema kisima kina maji, na wewe hukukiona, watu wanaweza kuhamisha mifugo kwa neno lako na kufia kwenye shimo kavu. Kwa hiyo mtoto wa Lafey hufundishwa mapema: sema "nimeona" au sema "nimesikia". Abdiwali alipohamia Garissa na kujifunza kazi ya waya, hakuona sababu ya kubadilisha desturi hiyo. Umeme nao hauonekani, alisema, sawa na maji ya kisima cha mbali.

Alifanya kazi chini ya bati, kwenye pembe ya kiwanja cha Hirsi, mfanyabiashara wa ng'ombe. Hirsi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kusikilizwa, na hilo lina madhara yake. Alikuwa na magari mengine ya kazi, lakini gari alilolipenda ni Landrova ndefu ya kijani iliyoachwa na marehemu baba yake, gari la petroli lililotengenezwa kabla Abdiwali hajazaliwa. Vijana wa yadi waliliita Mzee. Watalii wawili wa Nairobi waliwahi kusimama barabarani ili wapigwe picha nalo. Mama yake Hirsi, Bi Timiro, hakukubali kupanda gari jingine. Alisema magari mapya yananuka duka.

Basi Mzee huyo akaanza kuzima.

Lingekuwa gari la kufa moja kwa moja, pasingekuwa na hadithi. Fundi yeyote humtibu mgonjwa aliyelala kitandani. Hili lilikuwa linazima njiani, ghafla, injini kimya, na taa na honi bado zinafanya kazi. Watu wanashuka, boneti inafunguliwa, mtu anatikisa waya moja au mbili, gari linawaka. Linafika Iftin likinguruma kama simba. Abdiwali analisikiliza asubuhi nzima na halikohoi hata mara moja.

Alifanya yote ambayo fundi mwaminifu hufanya. Alijua kwamba taa zikibaki na injini ikafa, betri haina kosa. Moto unakatika mahali fulani kati ya ufunguo na koili inayozaa cheche za injini. Alifuata waya ule kwa vidole, akasafisha vichwa vyake, akabadilisha kondensa, akafungua swichi ya ufunguo na kuifunga tena. Palikuwa na sehemu waya ulipoingia kwenye fundo la waya nyingine zilizovishwa kitambaa cha zamani na kupotea chini ya sakafu. Alipima upande wa kuingia, balbu ikawaka. Akapima upande wa kutokea, ikawaka. Hakukata kitambaa kile. Gari la marehemu mtu hulikata akiwa na sababu. Akaliendesha peke yake hadi njia ya uwanja wa ndege na kurudi. Hakuna kitu. Akamchukua Issack, makanika wa kibanda cha jirani, wakaenda wote, Issack mwembamba amekaa wima mbele kama mshumaa, macho kwenye simu. Hakuna kitu.

"Abdiwali," Issack alimwambia mbele ya watu, "hili gari halina ugonjwa. Limekupenda. Likikuona linapona. Mpelekee Hirsi posa."

"Mwambie Nasteho kwanza," mwingine akadakia. Nasteho ndiye mkewe.

Walicheka. Lakini kicheko cha yadi hakikai kicheko muda mrefu. Ikaanza kusemwa kwamba Abdiwali analichezea gari la mwenye kiwanja ili lirudi kwake kila mara. Waliosema hivyo waliapa. Nyumbani Nasteho alimuuliza kama amesikia, naye akajibu amesikia.

"Na utafanya nini?"

"Nitatafuta."

"Tafuta haraka. Hirsi akitufukuza pale, utaning'iniza hizo waya zako kwenye kamba ya nguo?"

Hakuweza kulirudisha gari na kusema limepona, kwa sababu hakuona lilipougua. Hakuweza kuendelea kukaa nalo, kwa sababu kila siku lililokaa pale lilikuwa ushahidi dhidi yake. Alikaa kwenye kiti cha dereva, mikono kwenye usukani, kama mtu aliyefungiwa ndani na mlango uko wazi.

Mwishowe alibadilisha koili, akaomba gari lijaribiwe njia ndefu. Hirsi akamtuma Komora, dereva wake, Mpokomo wa upande wa pili wa mto Tana, alipeleke mpaka Bura na kurudi, na akiwa huko apige simu kusema hali. Jioni ile ile Komora alikuwa aanze likizo aende kwao kupanda mpunga.

Simu iliingia mchana, katikati ya kelele za jenereta. Abdiwali akaziba sikio moja.

"Abdi! Nimejua sasa! Ni fiti!"

"Ni fiti?"

"Ndiyo! Fiti! Si kitu kingine!"

"Fiti kabisa?"

"Kabisa, bwana! Nakuambia ni fiti! Mwambie mzee aangalie..."

Mtandao ukakatika. Abdiwali alikaa ameshika simu. Fiti. Gari liko sawa, na mzee aje aangalie mwenyewe. Ilikuwa koili basi. Alisema alhamdulillahi kwa sauti, akaagiza chai, kitu ambacho hakuwa akikifanya saa hiyo. Komora alirudi magharibi, akiwa peke yake garini, akauacha ufunguo nyumbani kwa Hirsi, akawahi lori la kwenda kwao. Alikokwenda, ng'ambo ya mto, simu haishiki.

Asubuhi Hirsi alikuja yadini na Landrova, mama yake ameketi mbele amejitanda shuka jeupe. Weris, dada yake Hirsi aliyeolewa Masalani, alikuwa karibu kujifungua, na Bi Timiro alitaka kuwa pale kabla ya mtoto, si baada yake. Njia ile ni mchanga na vichaka vya mathenge, na ni mahali ambapo mtu hataki kukwama na mama mzee wakati wa jua.

"Fundi," Hirsi alisema, "nasikia gari limepona."

"Komora amesema ni fiti."

"Sikuulizi Komora amesema nini. Wewe unasema nini?"

"Mimi sijaliona likizima."

"Sijaona, sijaona! Kila siku sijaona! Wewe ni fundi au ni kipofu?"

Yadi nzima ikacheka. Muuza tairi aliacha nyundo yake. Bi Timiro aligeuza uso, kwa kuwa hakupenda mtu kudhalilishwa akiwa kazini kwake.

"Mama yangu anapanda gari hili leo," Hirsi akaendelea. "Nataka neno moja. Watu wanasema unalichezea. Kama hulichezei na kama limepona, sema wallahi. Kwani ni neno zito? Hawa wote wanalisema kabla ya chai."

Hapo ndipo pana mtego, na ndiyo sababu nimeona habari za mtu huyu zinafaa kuandikwa. Mtu anayeapa ovyo hana cha kupoteza akiapa tena. Abdiwali alikuwa nacho. Lakini alikuwa amechoka, aliona macho ya watu, aliwaza maneno ya Nasteho juu ya kamba ya nguo, na masikioni mwake bado kulikuwa na sauti ya Komora. Alichukua alichokisikia akakifanya alichokiona.

"Wallahi," alisema, "gari ni zima."

Hata Issack aliinua kichwa.

"Vizuri," Hirsi akasema. "Basi fundi utapanda. Tukifika Masalani bila kuzima, nitawaambia hawa wafunge midomo. Likizima, usirudi kwenye kiwanja changu. Umekubali?"

Desturi ya fundi kupanda safari ya kwanza ni ya zamani katika sehemu hii. Mwenye gari humchukua fundi kama vile mtu anavyochukua rehani. Abdiwali aliiweka taa yake ya kupimia mfukoni, akaingia nyuma.

"Nimekubali."

Mpaka Bura gari lilikwenda kama maji. Bi Timiro alikuwa akisimulia habari za marehemu mumewe, jinsi alivyokuwa akilala ndani ya gari hilo enzi za majambazi wa barabarani, bunduki hana, rungu tu na dua. Hirsi alianza hata kupiga mluzi. Abdiwali hakusikia masimulizi. Alikuwa anasikiliza injini kama mtu anayesikiliza pumzi ya mgonjwa.

Walipopita Bura jua lilipanda. Bi Timiro aliteremsha kioo, akaegemea mlango apate upepo. Na injini ikafa.

Gari lilijikokota kwenye mchanga likasimama. Hirsi aliuzungusha ufunguo. Stata ikalia, moto haukushika.

"Hooyo, shuka upate kivuli," alimwambia mama yake, kwa maana ndani kulikuwa tanuri. Akamshika mkono, akamketisha chini ya mti wa mathenge. Abdiwali alikuwa ameshafika kwenye boneti. Aliweka taa kwenye koili. Balbu ikawaka, nyeupe kabisa.

"Washa," alisema kwa sauti ndogo.

Likawaka.

"Umefanya nini?" Hirsi aliuliza.

"Sijafanya kitu."

"Ndivyo ninavyoona."

Wakapanda. Wakaenda kipande, joto likazidi, Bi Timiro akaegemea mlango, injini ikafa. Wakashuka. Taa ikawaka. Gari likawaka. Mara ya tatu Hirsi hakumtazama kabisa. Alisema akiwa ameangalia mbele, "Wallahi yako imebaki kule nyuma kwenye mchanga. Ukirudi kwa miguu utaiokota."

"Hirsi," mama yake akamkemea. "Mtu akianguka humkanyagi."

"Hakuanguka, Hooyo. Aliapa."

Na Abdiwali, kule nyuma, hakuweza kujitetea, kwa kuwa hilo lilikuwa kweli. Alikaa baina ya mifuko ya mchele na jerikani za maji, magoti yamegusa kidevu. Hakuweza kushuka, kwa kuwa hakuna mahali pa kushukia. Hakuweza kukaa, kwa kuwa kila dakika ilikuwa ikimtia aibu. Kilichomuuma hakikuwa kiwanja. Alikuwa amemwambia Mungu kuhusu kisima ambacho hakukiona, na sasa mama wa watu alikuwa ameketi kwenye shimo kavu.

Karibu na Kotile kulikuwa na kizuizi cha polisi. Miba ya chuma barabarani, askari watatu, mmoja wao afisa mrefu mwenye Kiswahili cha bara. Wiki ile walikuwa wanakagua kila gari kwa makini.

"Mzee, zima gari. Shukeni wote. Nataka viti viinuliwe."

Hirsi alishuka akiwa amekasirika tayari. "Fiti gani, afande? Fiti ya mbele ama fiti ya nyuma?"

Abdiwali alikuwa na mguu mmoja chini na mmoja ndani. Alibaki hivyo hivyo.

Fiti ya mbele.

Sisi wa huku hatuna haja ya kufafanuliwa jambo hili, lakini msomaji wa mbali anahitaji. Kisomali hakina herufi v. Mtu wa Garissa husema "fitu" kwa vitu na "fiatu" kwa viatu, na sikio lake limezoea hivyo; ukimwambia v kwenye simu mbovu yeye husikia f, na moyo wake hauna shaka. Komora alikuwa hajasema gari ni fiti. Alikuwa amepiga kelele kwamba ni viti. Mzee aangalie viti.

"Viti!" Abdiwali alisema kwa nguvu, na safari hii aliing'ata ile v kwa meno. "Hirsi, alisema viti! Vile viti!"

"Wewe!" askari mmoja akamgeukia. "Kuna nini kwenye viti?"

Lilikuwa swali ambalo hakuna mtu mwenye akili angetaka kulikaribisha mahali kama pale. Afisa aliwaamuru wasogee kando, Bi Timiro akaketishwa chini. Alikifungua kiti cha mbele cha abiria, kile alichokuwa amekalia Bi Timiro, akakiinua. Viti vile vilikuwa vimeshonwa upya miezi michache kabla. Springi za zamani zilikuwa zimechoka, na mshonaji aliweka ubao chini ya sponji. Chini ya ubao, kwenye sanduku la chuma, kulikuwa na swichi nyeusi ndogo yenye kichwa cha kubonyezwa, na waya mbili zilizovishwa kitambaa zikipotelea sakafuni.

Afisa aliruka nyuma. Bunduki zikainuliwa.

"Lala chini! Wote! Mama, wewe kaa pale pale! Hii ni nini?"

Walilala kwenye mchanga wa moto. Hirsi, shavu limegusa ardhi, alisema upesi, "Sijui, afande! Huyu ndiye fundi wa umeme! Amekaa na gari kwa wiki nyingi, yeye ndiye anashika waya!"

Simlaumu sana. Mtu aliyelala chini ya bunduki husema kilicho karibu na ulimi. Lakini neno lake lilimfungia Abdiwali mlango wa mwisho.

"Wewe ndiye umeweka hii?"

"Hapana, afande. Leo ndiyo mara ya kwanza kuiona."

"Apa," Hirsi alimnong'oneza. "Sema wallahi, wewe, tutauawa hapa!"

"Wewe ni Mwislamu?" afisa akasema. "Haya, apa."

Safari hii alikuwa na haki ya kuapa. Kilikuwa kitu alichokijua kwa hakika. Lakini alisema, "Afande, nimeapa leo asubuhi, na ikawa uongo. Kiapo changu leo hakina kazi. Ukiniruhusu nitakuonyesha kwa macho."

Nadhani afisa alikuwa amesikia viapo vingi katika kazi ile, na hakuwahi kukutana na mtu aliyekikataa chake mwenyewe.

Ndipo Bi Timiro aliposema, akiwa bado ameketi, kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Baba, iko mimi najua. Hiyo ni ya bwana yangu. Zamani majambazi nakuja njiani. Yeye nabonyeza hapa, gari nakufa, mwizi hawezi beba. Yeye naita dabin. Dabin ni mtego. Mimi nafikiri ilitoka zamani, na fiti ya zamani."

"Hooyo," Hirsi akasema kutoka mchangani, "ulijua?"

"Nani aliniuliza?"

Afisa aliwarudisha askari wake nyuma ya gari, akamwambia Abdiwali ainuke, mikono ionekane. Abdiwali alizifuata zile waya kwa kidole bila kuzigusa, mpaka pale zilipotokea kwenye fundo la kitambaa ambalo hakulikata. Akaomba kiti kirudishwe, injini iwashwe, na Bi Timiro akae.

"Una kichaa?" Hirsi alisema. "Unamkalisha mama yangu hapo?"

"Amekaa hapo tangu Garissa."

Mama alikaa. Injini ilikuwa inanguruma. Walisubiri. Hakuna kilichotokea. Askari mmoja alicheka puani, na Hirsi akafumba macho. Abdiwali alihisi lile tanuri la njiani limemrudia: gari limemwona, limepona.

Kisha akamtazama yule mama, amekaa wima kwa heshima ya askari, mikono mapajani, kama mtu anayepigwa picha. Issack naye alikuwa amekaa hivyo.

"Eeddo," alisema, akimwita shangazi kwa heshima, "kaa kama unavyokaa njiani. Kama unatafuta upepo."

Bi Timiro aliegemea mlango, na uzito wake wote ukahamia upande ule.

Injini ikafa.

"Inuka, Eeddo."

Aliinuka. Hirsi aliuzungusha ufunguo. Ikawaka.

"Tena," afisa alisema. Wakafanya tena. Alisema tena, na nadhani mara hiyo alikuwa ameanza kupendezwa. Mama akaegemea, gari likafa, akainuka, likafufuka. Mtego uliotegewa wezi wa zamani ulikuwa ukimnasa mjane wa aliyeutega, na kila aliposhuka kivulini uliachia, ndiyo maana fundi hakuukuta umebana hata siku moja.

Afisa alitaka swichi itolewe pale pale na abaki nayo. Abdiwali aliikata, akaziunganisha zile waya, akazifunga vizuri. Waliulizwa maswali mengi zaidi, vitambulisho vikapigwa picha, jua likateremka. Kisha miba ya chuma ikavutwa.

Walifika Masalani gari likiwa halijazima tena, Bi Timiro ameegemea mlango njia nzima kwa makusudi. Mtoto wa Weris alizaliwa siku iliyofuata, akimkuta bibi yake amewasili. Komora, alipopatikana na kuulizwa, alieleza kwamba siku ile ya Bura alimpa lifti mama mmoja mnene wa sokoni, akaegemea dirisha, na gari likazima mpaka aliposhuka. "Si nilikuambia wazi?" alisema. "Viti! Viti! Mara ngapi!"

Aliporudi Garissa, Abdiwali alikwenda kwa sheikh wa mtaa, akamweleza. Sheikh akamwambia kwamba aliyeapa akiamini hana kafara, aende zake kwa amani. Abdiwali alimshukuru, na akafunga siku za kafara hata hivyo. Kisha akaanza kulifungua bati lake kwenye kiwanja cha Hirsi.

Hirsi alimkuta juu ya ngazi.

"Nani amekufukuza?"

"Wewe. Mbele ya hawa. Ulisema likizima nisirudi. Lilizima."

"Abdiwali, nilisema kwa hasira."

"Na mimi niliapa kwa uchovu. Langu halikurudi."

"Nimekusamehe, bwana! Kosa halikuwa lako! Ni fiti, sijui ni viti, ni simu mbovu!"

"Simu haikuapa," Abdiwali alisema, akaendelea kung'oa misumari.

Wapo walioita jambo hilo kiburi, na Nasteho alikuwa wa kwanza wao. "Utakula hiyo kweli yako na chumvi au na sukari?" alimuuliza. Alimjibu kwamba atakula atakachopata. Mimi sioni kiburi. Naona mtu aliyelikubali sharti wakati lilimfaa, akalikubali pia lilipomgeuka, na hao siku hizi ni wachache kuliko Landrova za kijani. Lakini sitadanganya kwamba alipata nafuu. Alipohamia, ng'ambo ya barabara, ubavuni mwa tangi la maji, hakuna mti, na mchana bati hilo huunguza mkono. Wateja wengine hawavuki. Hirsi hakumpangisha mtu mwingine ile pembe. Imebaki tupu, na wote wawili huitazama kila siku, kila mmoja kutoka upande wake, na hakuna anayejua jinsi ya kulirudisha neno lake.

Juzi nilikuwa pale Hirsi alipovuka na Landrova. Alikuwa amekaa kiti cha abiria yeye mwenyewe, dereva mgeni akiendesha, naye ameegemea mlango kwa uzito wake wote. Injini ilinguruma bila kukatika.

"Fundi," aliita kupitia dirishani, "ni fiti?"

Abdiwali aliinuka, akaifuata sauti ya injini mpaka mbele ya gari, akasikiliza. Kisha akaja dirishani, akakitazama kile kiti alichokalia Hirsi.

"Nimeona," alisema.